Wimbo Mmoja Ukigoma: Namna Ninavyoitumia tick, tick... BOOM! Kuutoa

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia hapa Mwanza, na Jumatatu mpaka Jumamosi nasimama dukani Igoma nikiuza vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, nondo, rangi, mabomba. Nyimbo natunga usiku watoto wakishalala. Miaka miwili iliyopita parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya miaka 25. Askofu anakuja, sare mpya zimeshapimwa kwa fundi, na mimi nimepewa nyimbo nane za kutunga. Saba zikatoka bila ugomvi. Wa nane, wa shukrani baada ya komunyo, ukagoma miezi minne.

Siyo kwamba nilikosa maneno. Nilikuwa nayo ya kumwaga, ila yote ya kuazima, yale ambayo kila kwaya kuanzia Bukoba mpaka Mtwara imeshayaimba na Jumapili ijayo itayaimba tena. Nikiyaweka kwenye nota yanakaa vizuri tu, sauti zote nne zinaelewana. Nikiyaimba mwenyewe bafuni nasikia aibu.

Mdogo wangu wa kike anayesoma chuo ndiye aliyenionyesha hii filamu. "Kaka, itazame," akaniambia, "huyo jamaa ni wewe, kasoro rangi." Nikaitazama usiku mmoja, mwanzo mpaka mwisho, machozi yakanitoka, nikalala. Asubuhi wimbo haukuwepo. Nilichoamka nacho ni macho mekundu na bando lililokata. Kwa hiyo ninayoeleza hapa ni namna nilivyoitazama mara ya pili, ile iliyonipa wimbo, na tangu hapo nimeirudia mara tatu kwa kazi nyingine. Ni maelekezo kwa mtu aliyekwama na kazi mkononi. Kama unatafuta burudani ya Ijumaa tu, bonyeza utazame, mimi hunihitaji.

Kwanza ujue unatazama nini

tick, tick... BOOM! iliingia Netflix Novemba 2021. Aliyeiongoza ni Lin-Manuel Miranda, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa naye. Andrew Garfield anaigiza kama Jonathan Larson, mtunzi wa kweli wa tamthilia za muziki aliyeishi New York. Tupo mwanzoni mwa 1990. Larson amebakiza siku chache atimize miaka 30, anahudumia meza kwenye mgahawa wa Moondance, na kwa miaka minane amekuwa akitunga tamthilia moja ya muziki kuhusu ulimwengu wa baadaye, iitwayo Superbia. Hatimaye amepata nafasi waigizaji waiimbe mbele ya wakubwa wa fani, onyesho la majaribio. Kila kitu kipo isipokuwa wimbo mmoja. Mhusika anayeitwa Elizabeth hana wimbo wake katika sehemu ya pili, na bila huo hadithi haina uti wa mgongo. Ameshaambiwa hivyo, tena na mtu asiyebishiwa, Stephen Sondheim, gwiji wa kutunga tamthilia za muziki. Anajua. Haandiki.

Mlio wa saa ulio kwenye jina la filamu ndio anaousikia kichwani mchana kutwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hadithi hii Larson aliitunga mwenyewe. Superbia ilipokosa mtu wa kuichukua, akakaa kwenye kinanda na bendi nyuma yake, akawa anasimulia na kuimba jinsi alivyokwama. Filamu inarukaruka kati ya hapo jukwaani na maisha yenyewe, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo zikikuchanganya, vumilia, utazoea.

Na mwisho wake ujue mapema, maana filamu haikufichi. Larson alifariki 25 Januari 1996, akiwa na miaka 35, mshipa mkuu wa damu ulipochanika, siku ileile ambayo tamthilia yake ya Rent ilikuwa ianze kuonyeshwa kwa watu. Rent ikapata tuzo ya Pulitzer na ya Tony mwaka huohuo, ikakaa miaka 12 Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York. Miranda aliiona alipotimiza miaka 17, na mwaka 2014 yeye mwenyewe aliigiza nafasi ya Larson jukwaani katika hii hii hadithi ya kukwama. Hilo linaeleza kwa nini filamu ina heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu, mpaka wakati mwingine inazidi. Nitalirudia.

Kabla ya kubonyeza, andika pengo lako

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilikaa mbele ya simu nikiwa na huzuni tu. Huzuni haina anwani. Angalia shida ya Larson ilivyo: wimbo mmoja, wa mhusika mmoja, sehemu ya pili, kabla ya tarehe fulani. Hasemi "nimeishiwa". Ana kazi ya miaka minane yenye tundu moja, na tundu analijua lilipo kama mtu anavyojua jino linalouma.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike sentensi moja, isizidi. Yangu ilisomeka hivi: "Wimbo wa nane, wa shukrani, unaimbwa watu wakiwa wamekaa, beti nazo tatu, kiitikio sina." Nilipoimaliza nikashangaa. Miezi minne nilikuwa nikisema wimbo umegoma, kumbe kilichogoma ni kiitikio, mistari minne tu. Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, usitazame bado. Rudi kwenye kazi yako uitafute.

Mengine ni ya kawaida. Tumia spika za masikioni, maana nyimbo zinakwenda mbio na nyingi zina watu wawili wanaoimba maneno tofauti kwa pamoja. Ukitegemea spika ya simu utasikia fujo. Washa maandishi ya chini, Kiingereza chao ni cha haraka. Usiitazame na watoto wa Utoto Mtakatifu, kuna matusi na kuna chumba cha kulala. Na nunua umeme mapema. Mimi mara ya pili nilifika pale ambapo Larson, usiku wa kuamkia onyesho, yupo mbele ya kompyuta, kishale kinapepesa kwenye ukurasa mtupu, na umeme wake unakatwa kwa sababu hajalipa bili. Dakika chache baadaye LUKU yangu nayo ikaisha. Mke wangu akauliza gizani, "Na hiyo nayo ipo kwenye filamu?"

Ina karibu saa mbili. Usiimalize siku moja. Mimi naigawa siku tatu, na kila siku naisimamisha mahali maalumu.

Siku ya kwanza: simama baada ya mgahawa

Kuna wimbo unaitwa "Sunday". Ni Jumapili asubuhi pale Moondance, mgahawa umejaa, watu wanapiga kelele za mayai na kahawa, Larson anakimbia na sahani. Ghafla muda unasimama. Ukuta wa mgahawa unafunguka, wateja wanageuka kuwa kwaya, naye anawaongoza kwa mikono. Wateja wenyewe siyo wa kuokoteza, ni wakongwe wa Broadway: Chita Rivera yupo, Bernadette Peters yupo, Joel Grey, Phylicia Rashad, na watatu waliocheza Rent ya kwanza kabisa wamevaa kama watu wasio na makazi. Kama unafundisha kwaya, kirudie kipande hiki ukiwa umefumba macho. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa upole, hakuna anayemfukuza mwenzake, halafu zinakaa pamoja kama vigae vya paa.

Umbo la wimbo huo Larson hakulibuni. Ni saluti kwa Sondheim, aliyekuwa na kazi yake mwenyewe kuhusu mchoraji na Jumapili, yenye kwaya inayopanda hivyohivyo. Larson akachukua umbo la mwalimu wake, akatoa bustani na mto, akaweka mayai, mkate na watu waliokosa adabu. Matokeo yake unacheka, na wakati huohuo nywele zinasimama.

Hapo ndipo niliposimamisha simu nikabaki naitazama dari. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Nilikuwa naazima maneno nikijidai umbo ni langu. Yeye aliazima umbo, maneno akayatoa kwenye sinia alilobeba.

Kazi ya siku ya kwanza, basi, ni hii. Chukua wimbo mmoja wa mtu aliyekufundisha, au wa mtu unayemwona mwalimu hata kama hamjawahi kuonana. Usichukue wake unaoupenda, chukua unaoujua mpaka mifupa. Andika umbo lake tu: nani anaanza, kiitikio kinaingia baada ya mistari mingapi, sauti ya nne inashuka wapi, wapi wote wananyamaza. Upande wa pili wa karatasi andika vitu ishirini vya mahali unaposhinda kutwa. Vitu, siyo hisia. Yangu ilikuwa na mizani, bati la geji 30, vumbi la saruji kwenye kope, mteja anayeomba apunguziwe mia tano, jirani anayepiga redio ya mpira. Usiviunganishe bado. Lala.

Mimi umbo nililochukua ni la mwalimu wangu wa kwanza wa kwaya, mzee aliyenifundisha do-re-mi kwa chaki kwenye ubao mweusi wa darasa la katekesi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilipoandika jina lake juu ya karatasi mkono ukawa mzito. Sikujua kwa nini. Au nilijua.

Siku ya pili: vidole mgongoni

Kama una muda wa kutazama kipande kimoja tu, tazama hiki. Larson ana mchumba, Susan, mcheza dansi, ambaye amepata kazi ya kufundisha nje ya mji. Anataka jibu moja tu kwake: twende wote au nibaki? Larson kila siku anasema tutaongea. Siku inafika wanagombana kweli, na filamu inaukata ugomvi huo katikati na wimbo wa "Therapy", ambao jukwaani ni kichekesho: yeye na mwimbaji mwenzake wameketi kwenye viti, wanaimba kwa kasi ya kizunguzungu ugomvi uleule kana kwamba ni mchezo wa watoto. Huku unacheka, huku mtu analia. Ni ujanja mkubwa wa uhariri, na siyo ajabu filamu ilipendekezwa kwa Oscar upande huo.

Kisha wanakumbatiana. Kimya. Na kamera inakuonyesha vidole vyake mgongoni mwa Susan, vinatembea. Anapiga kinanda. Mwanamke analia begani mwake, naye ameshaanza kuutungia wimbo ugomvi wao. Susan anavisikia. Anajitoa.

Usiku ule nilipokitazama mara ya pili nilikumbuka jambo la wiki hiyohiyo. Tulikuwa mezani, mke wangu ananieleza kuhusu mtoto wetu wa pili, homa imerudi mara ya tatu, tumpeleke hospitali ya rufaa au tusubiri. Mimi naitikia "mm", "ndiyo", na mkono wangu upo mezani, unagonga mapigo. Yeye huimba sauti ya pili, masikio anayo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni sita kwa nane?" Nikajibu, "Ndiyo, ila kiitikio nafikiria nne kwa nne." Nilijibu kabla sijaelewa nimeulizwa nini. Akainuka akaondoa vyombo.

Mtoto tulimpeleka, yuko salama. Lakini nilipoiona ile picha ya vidole nikasimamisha hapohapo, nikaenda chumbani nikamwamsha, nikamwomba msamaha saa sita na nusu usiku. Akaniambia nizime taa.

Kazi ya siku ya pili ni ngumu na haina nota ndani yake. Andika: ni nani anasubiri jibu lako? Usiandike "familia" au "jamii". Andika mtu, na swali lake alilouliza, kama alivyoliuliza. Larson ana watu watatu wa namna hiyo. Susan anasubiri aseme neno. Michael, rafiki yake wa utotoni aliyeacha uigizaji akaingia kampuni ya matangazo, ana jambo zito la kumwambia na hapati upenyo. Baadaye tunajua ana virusi vya UKIMWI, na hiyo ni New York ya miaka ile, vijana wanazikwa kila wiki. Na Freddy, mwenzao wa mgahawani, amelazwa. Wote wako palepale, naye anazunguka mji kutafuta hela za kuongeza wapiga vyombo kwenye onyesho.

Sasa angalia wimbo unaokosekana unatakiwa kusema nini. Elizabeth anamwomba mtu aliyejifungia arudishe fahamu zake, asikie, aguse. Yaani wimbo ambao Larson hawezi kuuandika ni maneno ambayo yeye mwenyewe anaambiwa kila siku na anayakwepa. Ataandikaje asichotaka kusikia? Hili halisemwi wazi popote kwenye filamu, lakini siku wimbo unapoimbwa kwenye onyesho, "Come to Your Senses", kamera inamchukua mwimbaji, halafu inamchukua Susan, anaimba maneno yaleyale. Nadhani hapo hata kipofu ataona.

Mimi niliandika jina la yule mzee wa chaki. Alikuwa amepata kiharusi mwaka na nusu nyuma. Mkono wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Nyumbani kwake ni Buhongwa, daladala moja tu. Nilikuwa nimekwenda mara moja, wiki ya kwanza, na wanakwaya wote, na sukari na mchele. Sikurudi. Sikujua nitaongea naye nini, mtu aliyekuwa akipiga kelele kutoka mlangoni, "Tena, tangu mwanzo!" Na hapohapo natakiwa nitunge wimbo wa shukrani wa parokia ambayo kwaya yake ameianzisha yeye.

Siku ya tatu: toka kwenye karatasi

Umeme ukishakatwa, Larson anakwenda kuogelea. Wimbo wa "Swimming" haufanani na mingine, ni mawazo yanayokatikakatika kama pumzi: mikono, maji, mtu wa pembeni, Susan, onyesho, maji. Kisha chini ya bwawa mistari ya vigae inageuka kuwa mistari ya nota, na nota zinajipanga. Sisi wa do-re-mi hatuna mistari mitano, lakini utaelewa.

Watu wengi wanakichukua kipande hiki vibaya. Wanasema, unaona, alipumzika, ukaja. Hapana. Wimbo ulikuja kwa sababu tayari amevunjika, Susan amekwenda, hana pa kujificha, na mwili una kazi ya kufanya inayofuata hesabu. Ukienda kuogelea hujafanya kazi ya siku ya pili utarudi umelowa tu.

Kwa hiyo tazama mpaka hapo, simamisha, halafu tafuta kazi ya mikono yenye kujirudia. Kufua, kutwanga, kupalilia, kupaka ukuta. Simu iwe mbali, redio izimwe. Usijilazimishe kutunga. Weka karatasi na kalamu mahali pa kufikika, basi.

Yangu ilikuja Jumatano saa tano asubuhi. Fundi mmoja alitaka misumari ya inchi tatu kilo tano. Misumari unaichota kwa kopo kutoka kwenye boksi, unaimwaga kwenye sufuria ya mizani: mwanzo inaanguka kwa wingi, kishindo kizito, sindano ikikaribia unaanza kudondosha michache, mwisho mmoja, mmoja, mpaka itulie. Kishindo, kishindo, tone, tone, tone. Nikaikosea ile kilo makusudi, nikairudisha, nikamwaga tena. Fundi ananitazama. So so, la so mi. So so, la so re. Mara ya tatu nikawa naimba, na maneno yaliyotoka hayakuwa "twakushukuru". Yalikuwa: aliyehesabu nasi, moja moja, hakuchoka. Mzee yule. Alivyotuhesabia mapigo kwa kugonga chaki ubaoni, mmoja mmoja, watoto arobaini wasiojua kusimama mstari.

Niliandika nyuma ya stakabadhi. Fundi akasema, "Mwalimu, misumari yangu." Nikampa na ya nyongeza.

Sehemu unayotakiwa kuitazama kwa jicho kavu

Malizia filamu ukishapata rasimu, siyo kabla. Onyesho linafanyika, watu wanapiga makofi, wanasifu, na hakuna anayeichukua Superbia. Wakala wake, Rosa, anampa ushauri mmoja mkavu: anza inayofuata, ukiimaliza hiyo anza nyingine. Mara ya kwanza nilimchukia yule mama. Sasa namwona ndiye mwenye akili kuliko wote pale. Kuna pia ujumbe wa simu kutoka kwa Sondheim, wa kumtia moyo. Anayemwigiza Sondheim ni Bradley Whitford, lakini sauti ya ule ujumbe ni ya Sondheim mwenyewe, na maneno aliyaandika upya yeye. Sondheim alifariki 26 Novemba 2021, wiki moja tu baada ya filamu kuingia Netflix. Usikilize ukijua hivyo.

Na siku ya kutimiza miaka 30 Susan anamletea zawadi: karatasi tupu za nota. Nimeshaiona mara tano na bado sijui kama ni upendo au ni kisu.

Ninachoilaumu filamu ni hiki. Kwa kuwa sote tunajua Rent inakuja, kila kosa la Larson linasamehewa mapema. Ukali wake, kumkwepa Freddy hospitalini, kumfokea Michael kwamba muda unamwishia yeye, mbele ya mtu ambaye muda unamwishia kweli; vyote vinapewa jibu: lakini angalia alichokuja kutunga. Wewe na mimi hatuna Rent inayotungoja mbele. Mke wangu hatanisamehe kwa sababu ya wimbo wa jubilei, na asinisamehe. Garfield anaigiza vizuri mno, alipata tuzo ya Golden Globe kwa kazi hii, na uimbaji alijifunza kwa ajili ya filamu hii hii. Uzuri wake ndio hatari, utajikuta unaiga kukimbia kwake mjini na mkoba begani badala ya kuiga ule wimbo wa bustani ya Central Park, pale anapokaa peke yake kwenye kinanda, mvua inanyesha, anakumbuka yeye na Michael wakiwa watoto. Wimbo huo ni "Why". Kama unafundisha waimbaji, wasikilizishe anavyoimba kwa sauti ndogo. Kwaya zetu zinapenda kupiga kelele.

Ukishapata rasimu

Usiipeleke mazoezini. Nasema kwa uchungu. Kwaya ya watu arobaini ikisikia wimbo mbichi kila mtu ana sauti yake ya kuongeza, na wa sauti ya kwanza watataka upandishwe ili waonekane. Mpelekee kwanza mtu mmoja, yule uliyeandika jina lake siku ya pili. Hata kama hajui muziki. Nenda na mikono mitupu ukiweza, ili usije ukakaa unaongelea sukari.

Nilikwenda Buhongwa Jumapili baada ya misa ya pili. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Midomo ikajaribu, haikufika. Binti yake akaniwekea stuli karibu na kiti chake. Sikuomba radhi, sikujua nianzie wapi. Nikamwambia nina wimbo, nikaanza kugonga mapigo gotini, nikamwimbia sauti ya kwanza, halafu ya nne, halafu nikarudi kiitikio kwa sauti ya tatu, ambako nilikuwa nimeruka kutoka so ya chini mpaka mi ya juu kwa sababu nilidhani inapendeza.

Mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi. Kiganja kikatazama chini, kikashuka polepole, kama alivyokuwa akifanya darasani tukipayuka. Nikashusha mpaka do. Kiganja kikashuka tena. Nikashusha mpaka la, nikaimba. Akafunga macho, akapiga paja lake mara mbili kwa vidole: tena, tangu mwanzo.